Mie nimekuja kuongea breki

(Hii ni ile hotuba niliyoitoa kwa wenzetu wa baiskeli hapa Tanga kabla ya msafara wa Lushoto. Wengi mliniomba niiandike, nimeiandika vile vile nilivyoongea, utani nao nimeuacha.)

Assalaam aleikum, habari za mchana. Wazee shikamooni. Wadogo zangu marahaba, naitikia kabisa maana najua mnajifanya hamjaniona ili msinisalimie.

Mwenyekiti kanipa dakika 20 niongee kuhusu kujiandaa na race ya baiskeli ya mlimani, na kanipa na karatasi imeandikwa mazoezi, lishe, vifaa. Karatasi ninayo, iko kwenye mkoba, nimeikunja vizuri. Ila mie nimekuja kuongea breki. Na kabla sijaingia humu nimezunguka pale nje mlipoegesha, nimebana breki za baiskeli 11, moja moja, nilichokuta nitakisema nikimaliza.

Sisi watu wa Tanga baiskeli hatufundishwi na mtu jamani. Mji mzima huu uko kwenye magurudumu mawili, muuza samaki, muuza mikate, mwalimu, bibi harusi mtarajiwa anaenda kusuka kapakiwa kwenye keria kakaa upande. Lakini mji wenyewe umelala kama mkeka. Mtoto wa Ngamiani anaweza kuendesha miaka 30 toka barabara ya 4 mpaka ya 15, asiwahi hata siku moja kubana breki kwa nguvu, akitaka kusimama anaburuza ndala. Sasa huyo mtu ukimpeleka Usambara anapanda, tena anapanda vizuri tu kwa sababu mapaja anayo, kabeba magunia ya mkaa na madafu tangu utoto. Tatizo linaanza kule juu akigeuza kushuka.

Na mie ndo nilikuwa huyo mtu.

Race yangu ya kwanza ilikuwa kule Lushoto, kilomita 48, ya watu wa kawaida kama sisi, wauguzi, walimu, madereva, kijana mmoja anauza chips. Nilijiandaa miezi minne. Mnajua nafanya kazi duka la dawa, natoka saa 2 usiku, kwahiyo mazoezi yangu yalikuwa Jumanne na Alhamisi saa 11 alfajiri kwenda Pongwe na kurudi, halafu Jumapili naamkia njia ya Muheza nikaipande milima ya Amani. Mlima hapa mjini hatuna lakini upepo tunao, kaskazi ikivuma toka Desemba mpaka Machi, ukirudi mjini kutoka Pongwe inakupiga usoni mpaka unaona baiskeli imeganda, basi huo ndo ulikuwa mlima wangu wa bure katikati ya wiki. Kwa mazoezi nilikuwa sijambo, nasema ukweli.

Usiku wa kuamkia safari mtoto wa dada yangu, Mungu ambariki, akaamua kunifanyia wema. Akaosha baiskeli, ikang'aa, afu akachukua ile kopo ya mafuta ya kupuliza akapulizia cheni. Cheni, kaseti (zile gia za gurudumu la nyuma), na vyote vilivyo jirani. Na jirani wa kaseti ni nani? Disiki ya breki ya nyuma, ile sahani ya chuma inayobanwa na breki. Na alipoona ya nyuma imependeza akaipulizia na ya mbele, ili zifanane.

Mie sijui hili wala lile. Asubuhi tumepandisha baiskeli kwenye gari, tumefika Lushoto jioni, baridi inakata masikio, nimekula wali maharage sahani mbili (nitarudi kwenye maharage), nimelala. Kesho yake tunaanza kupanda kuelekea Magamba, niko vizuri, nawapita watu, na kwenye kupanda nani anagusa breki? Nimegusa breki ya kwanza ya siku hiyo nikiwa juu msituni, njia nyembamba, upande huu mizizi, upande huu korongo, chini udongo mwekundu umenyeshewa usiku. Nikabana. Baiskeli ikalia kama mbuzi anapelekwa machinjioni. Kulia ikalia, ila kusimama haikusimama.

Niliruka. Sijui niseme niliruka au baiskeli iliniacha. Nilikaa kwenye majani yenye umande, goti limechubuka, nazungusha gurudumu kwa mkono nabana breki, gurudumu linaendelea kuzunguka taratibu kama feni ya msikitini. Nikanusa kidole, mafuta.

Basi kilichobaki niliteremka kwa miguu. Watu niliowapita kwenye kupanda wakanipita wote mmoja mmoja, "pole dada", "pole dada", mpaka yule wa chips. Kuna watoto walikuwa wamekaa juu ya ukingo, mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, mama, mbona kwenye kupanda umeiendesha na kwenye kushuka unaisukuma? Sikuwa na jibu. Nilimaliza masaa 5 na dakika 40, wale wa kufunga njia wako nyuma yangu kwenye pikipiki wananisindikiza kama maiti.

Nikarudi Tanga nikaenda kwa mzee wangu fundi pale barabara ya 8, yule mnaemjua anaevaa miwani imefungwa uzi. Akazitoa pedi, vile vipande vinavyobana disiki, akazigeuza kwenye mwanga, akaniambia mwanangu hizi umeshazika. Pedi ya disiki ikishanywa mafuta imekwisha, kuna watu watakwambia choma kwenye jiko la mkaa, piga msasa, mie nimejaribu vyote viwili, inashika siku mbili afu inarudia kulia. Nunua mpya. Disiki yenyewe inapona, ni chuma, unaifuta na spiriti ile nyeupe ya kusafishia kidonda, kitambaa kisafi, sio kile cha kufutia cheni. Na ukitaka kupaka mafuta cheni, paka ya matone, tone moja kwenye kila kipande, ukimaliza futa yaliyozidi, na disiki uivishe mfuko. Mie naivisha mfuko wa sukari. Siku hizi mtoto wa dada ananiona tu nashika ule mfuko anatoka nje.

Halafu pedi mpya nazo zina mambo yake. Usiifunge leo kesho ukaingia kwenye race. Inataka kuzoeshwa, unaenda spidi ya wastani, unabana mpaka karibu usimame, unaachia, unaenda tena, mara 20 hivi, ndo inaanza kushika kweli. Na kuna pedi laini na kuna pedi za chuma. Laini zinashika haraka na hazipigi kelele, lakini kwenye tope lenye mchanga zinalika kama sabuni, race moja ya mvua inaweza kuzimaliza zote. Za chuma zinavumilia tope. Ila angalia disiki yako kwanza, zipo zimeandikwa kabisa kwamba ni za pedi laini tu, sasa wewe ukazifungie chuma utakula disiki.

Mwenye breki za kawaida za mpira, zile za kubana rimu, usijisikie mnyonge, nimeona watu wanamaliza nazo. Ila tope likiingia zinapotea, na raba zake zinaokota vijiwe vinakwangua rimu, kwahiyo kila ukisimama toa vijiwe kwa kucha. Na badilisha waya. Waya mmoja una bei ya soda mbili na mtu anaishi nao miaka sita umejaa kutu, sijui tunasubiri nini.

Haya. Sasa kubana kwenyewe.

Nilivyonunua pedi mpya nikagundua kumbe hata zikiwa nzima mie kubana sijui. Nilikuwa nashika breki toka juu ya mteremko mpaka chini, sijaachia hata sekunde, mkono umekakamaa, nikifika chini vidole siwezi hata kufungua chupa ya maji. Ukifanya hivo disiki inapata moto, breki inaanza kulegea, na wewe umechoka wakati hujafanya kazi yoyote. Anaeshuka vizuri anabana kwa nguvu sehemu chache, halafu anaachia. Unabana kabla ya kona, baiskeli ikiwa imesimama wima na njia imenyooka. Ukishaingia konani umeachia. Ukibana ya mbele ukiwa umelala kwenye kona na chini utelezi, gurudumu la mbele linaondoka na wewe unalifuata kwa kidevu.

Watu wetu wengi ya mbele wanaiogopa kabisa, wanatumia ya nyuma peke yake. Nawaelewa, kila mtu hapa ana binamu yake aliyepinduka kwa breki ya mbele ya baiskeli ya Phoenix. Lakini kwenye mteremko uzito wote unahamia mbele, na breki ya mbele ndo inayokusimamisha, ya nyuma inaburuza tu. Dawa ni makalio. Inuka kwenye siti, sogea nyuma, pedeli ziwe usawa mmoja ili usigonge jiwe, viwiko vimelegea, kidole kimoja kimoja kwenye breki. Na macho yaende unapotaka kupita. Ukiliangalia jiwe utaligonga jiwe, hili sijui kwa nini liko hivi ila liko hivi.

Nilijifunzia wapi na mji umelala kama mkeka? Kwenye machimbo ya mawe kule Pongwe, Jumapili, wakati hakuna magari. Kokoto tupu, mteremko mfupi wa mita 30 tu. Nilichora mstari kwa chokaa nikawa nashuka nasimama kwenye mstari. Mara ya kwanza nilipita mstari kwa mita nane. Nilirudia kila Jumapili, wiki sita, na kila Jumapili kuna walinzi wawili walikuwa wanatoka na viti kuja kunitazama, wakawa wananipigia makofi nikisimama kwenye mstari. Wiki ya sita nikawa nasimama gurudumu la mbele likiwa juu ya chokaa. Mjomba mmoja kati ya wale walinzi akaomba ajaribu na ndala, tukamkatalia.

Kitu kingine kinachohusiana na breki ingawa hamtoamini ni upepo wa tairi. Sisi tumezoea kujaza, kwa sababu nyuma kuna gunia, ukiwaambia hawa wa upepo wa barabarani wakujazie wanajaza mpaka tairi inalia kama ngoma. Tairi ngumu hivo kwenye mizizi mibichi haishiki, inadunda, na hata uwe na breki ya dhahabu tairi ikiwa hewani utasimamia nini? Mie nina kilo 64, tairi pana za inchi 2.2 zenye tyubu, naweka psi 28 mbele na 30 nyuma kwenye geji ya pampu. Mwenye kilo 85 aongeze. Usishuke sana pia, ukigonga jiwe tyubu inabanwa na rimu inatoboka matundu mawili pacha, na hapo ndo utajua solusheni umeisahau nyumbani. Beba tyubu nzima ya akiba, kiraka ni cha barabarani, kwenye race tunabadilisha tyubu.

Mwaka wa pili nikaenda tena Lushoto, breki safi, mikono safi, na nikaharibu kwa mguu. Kule ukianza kuna barabara pana kidogo halafu njia inakuwa nyembamba, mkiingia kwenye wembamba kupita mtu ni kazi, kwahiyo wote wanatoka kama wameona nyuki. Na sio ujinga, wana sababu, ukiingia nyuma ya mtu muoga utashuka kwa mwendo wake. Nikaenda nao. Sasa kumbuka Lushoto iko kama mita 1,400 juu na sisi tunalala usawa wa bahari, mie duka langu ukivuka barabara mbili unasikia harufu ya papa. Dakika ya 12 pumzi imekata, naona vinyota, nikashuka nikashika mti. Niliutambua ule mti mwaka uliofuata.

Kwahiyo na hapo ni breki, ila ya kichwani. Kipimo changu ni sentensi. Nikipanda niweze kusema "nauliza, hii dawa umemeza saa ngapi?" mpaka mwisho bila kukata. Nikishindwa kufika kwenye "saa ngapi" napunguza gia, hata anipite nani. Wale wanaokimbia mwanzo wengi wao nawakuta kilomita ya 30 wamekaa kwenye jiwe wanauliza kama kuna mtu ana ndizi.

Na ndizi tuongee kidogo, mwenyekiti asije akasema lishe nimeiruka. Maharage usiku wa kuamkia race hapana. Mliokuwa nyuma yangu mwaka ule mnisamehe. Kula wali, ugali, viazi, vitu ambavyo tumbo lako linavijua, na supu ya mchuzi mwepesi. Njiani mwili unataka wanga kama gramu 30 mpaka 60 kwa saa, ndizi moja ya kawaida ina kama 25, kwahiyo ndizi moja na vipande viwili vya kashata kila saa umefika, huna haja ya vile vipakiti vya ulaya. Anza kula kabla hujasikia njaa, ukisubiri njaa umechelewa. Maji natengeneza mwenyewe kwa ile hesabu ya dukani, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, nakamulia ndimu. Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe vya kilima, chumvi ikizidi sio kinywaji tena. Na usinywe kwenye mteremko! Mkono mmoja kwenye chupa, breki anashika nani?

Dada zangu mliokuja leo, mko saba nimehesabu, mwaka jana tulikuwa wawili. La kwenu fupi. Mtandio chini ya helmeti vaa ule wa kuvuta, usio na pini. Mie nilivaa wa pini, kila nikipita kwenye mizizi pini inanichoma shingoni, mizizi mita mia mbili, hesabu wenyewe. Suruali ya kubana ndefu, juu yake gauni fupi au fulana ndefu mpaka mapajani, ila isiwe pana ikanaswa na siti unapotaka kusogea nyuma, mwenzetu mmoja ilimnasa akashuka mteremko mzima kama kapigwa picha. Mjaribu nguo zote kwenye mazoezi. Na wakikuuliza kama mumeo anajua, waambie ndo kanishikia baiskeli.

Mtu kaniuliza pale mlangoni, sasa dada kwa kujiandaa kote huko ulishika namba ngapi? Mwaka jana nilishika ya 41 kati ya watu 58. Masaa 4 na dakika 15. Ngoja wacheke wamalize.

Mnamjua Adrien Niyonshuti? Mnyarwanda, mtu wa race za lami. Olimpiki ya London 2012 ndie aliyebeba bendera ya Rwanda siku ya ufunguzi, na hakuendesha baiskeli ya lami, aliendesha ya mlimani. Kwenye race zile za kuzunguka, wa mbele akishakuacha sana unatolewa njiani, huruhusiwi kuendelea, na walitolewa watu. Yeye alifika mwisho, wa 39. Siku hiyo hiyo Jaroslav Kulhavý wa Cheki na Nino Schurter wa Uswisi wameachana kwa sekunde 1 kwa dhahabu, na hiyo ndo picha inayorudiwa kwenye tivii. Mie nikitazama race ile namtafuta wa 39. Huyo hana wa kukimbizana nae, anapigana na saa tu, na kila kona anayobana vibaya inamsogeza karibu na kutolewa. Ndo hesabu yangu mie na wewe. Mwaka jana kutoka masaa 5 na dakika 40 mpaka 4 na 15, mapaja yangu ni yale yale, umri umeongezeka, kilo sisemi. Karibu muda wote ule niliupata kwenye kushuka.

Haya, dakika zimeisha, naona mwenyekiti anakohoa. Jumapili saa 12 kamili asubuhi, Pongwe kwenye machimbo, mje na maji na helmeti. Chokaa nitaleta. Asiyekuwa na helmeti atakaa kwenye viti na walinzi.

Na zile baiskeli 11 za nje. Nne ziko vizuri. Tatu pedi zimebaki unene wa kadi ya simu, mtanikuta dukani nitawaelekeza kwa fundi. Mbili breki ya mbele imefunguliwa kwa makusudi, ninawajua. Moja inanuka mafuta ya kupuliza, mwenyewe akamuulize aliyeiosha. Na ile nyekundu iliyoegemea mwembe, yenye keria na kengele ya shaba, waya wa nyuma umekatika kabisa umefungwa na kamba ya katani. Mwenye ile nyekundu asiondoke, babu, nakuona, kaa hapo hapo.